Ryzen 5 7600 na RTX 4060 kwenye umeme na joto la Dar es Salaam

Kompyuta ninayoieleza hapa imekaa miezi minane sebuleni kwetu Tabata, ikichezewa gemu karibu kila jioni na mpwa wangu, kwa hiyo ninayoyaandika si maoni ya siku ya kwanza. Ndani yake mna prosesa ya AMD Ryzen 5 7600, kadi ya grafiki ya GeForce RTX 4060, RAM (kumbukumbu ya kazi) ya DDR5 ya GB 32, SSD (diski ya kuhifadhia) ya TB 1 na pawa saplai, yaani kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, ya Corsair CX650. Watu wengi wanaponiuliza habari za kompyuta ya gemu huanza na kadi ya grafiki, kisha chochote kinachobaki mfukoni ndicho wanachonunulia vifaa vingine. Mimi nilianzia kwenye soketi ya ukutani, kwa sababu kwetu umeme na joto ndivyo vinavyoua kompyuta kabla haijazeeka.

Nilikwisha kuunguza ubao mama mmoja, ule unaounganisha vifaa vyote, miaka ya nyuma kwa pawa saplai ya bei ya chini, na nilipokwenda Kariakoo safari hii sikutaka kurudia kosa lile. Katika duka la kwanza muuzaji aliniwekea mezani pawa saplai akisema, "Kaka, hii ni wati 700, weka kadi yoyote unayotaka." Nilipoinyanyua niliona ni nyepesi mno. Nikaigeuza nisome kibandiko cha ubavuni, mstari wa volti 12, ambao ndio unaolisha prosesa na kadi ya grafiki, na mstari huo ulisema ampea 18. Ampea 18 mara volti 12 ni wati 216, na hizo ndizo wati ambazo kompyuta ya gemu ingezipata kweli, hata kama boksi limeandikwa 700 kwa herufi za dhahabu. Nyuma yake kulikuwa na swichi nyekundu ya kuchagua kati ya volti 115 na 230, nayo ilikuwa imeachwa kwenye 115. Mtu akiichomeka hivyo kwenye umeme wetu wa volti 230, ataiunguza palepale. CX650 niliyoichagua hatimaye inatoa ampea 54 kwenye mstari huo huo wa volti 12, yaani wati 648, na haina swichi ya kuchagua, kwa kuwa inapokea yenyewe volti 100 hadi 240. Niliilipia karibu mara tatu ya bei ya ile ya kwanza, na katika manunuzi yote ya kompyuta hii, hiyo ndiyo fedha ambayo sijaifikiria mara ya pili. Ukichukua jambo moja tu katika maelezo yangu, liwe hili la kusoma mstari wa volti 12 kabla ya kutoa pesa.

Kadi ya grafiki niliichagua kwa kuangalia wati kwanza. RTX 4060, iliyotoka mwaka 2023, imewekewa kikomo cha wati 115, wakati mshindani wake wa karibu, Radeon RX 7600 ya mwaka huo huo, ni wati 165. Radeon ilitoka kwa bei ya chini zaidi, na kwa kasi tupu hazipishani sana, kwa hiyo simlaumu aliyeichukua. Lakini wati 50 kwa saa nne kila siku ni uniti sita za LUKU kwa mwezi, na muhimu zaidi, wati zote hizo hugeuka kuwa joto ndani ya chumba ambacho mwezi Februari tayari kina nyuzi 31 kabla hujawasha chochote. Matumizi madogo ya kadi yamenisaidia pia kwenye UPS, ile betri ya akiba: umeme ukikatika katikati ya mechi, UPS yetu ya VA 1000 inabeba kompyuta na skrini kwa muda wa kutosha kijana ahifadhi gemu na kuzima kwa utaratibu. Skrini yetu ni ya 1080p, nayo kadi hii inaimudu bila shida; pale gemu inapokuwa nzito, DLSS, teknolojia iliyomo kwenye kadi, huchora picha kwa ukubwa mdogo kisha kuikuza, na macho yangu hayaoni tofauti ya kulalamikia.

Kwa upande wa prosesa nilisita zaidi. Ryzen 5 5600 ina koa (cores, viini vya kazi) sita vilevile, ni ya bei ya chini, na hutumia ubao mama wa AM4 (aina ya nafasi inapokaa prosesa) na RAM za DDR4, kizazi kilichotangulia DDR5, ambazo kila fundi anazo kabatini. Kilichoniamulia ni kwamba AM4 imefika mwisho wa safari yake, wakati AM5, inayotumiwa na 7600, AMD wameahidi kuiendeleza hadi mwaka 2027 na kuendelea. Mpwa wangu akipata kazi na kutaka prosesa kubwa zaidi, atabadilisha prosesa peke yake na kuacha ubao pale ulipo. 7600 ina pia grafiki ndogo ndani yake, ambayo haifai kwa gemu nzito, lakini kadi ikiharibika leo skrini bado itawaka na kazi za shule zitaendelea. Nimeacha kipoozeo kilichokuja kwenye boksi lake. Kinapiga kelele kidogo jioni, ila prosesa haijakaribia nyuzi 95 ambazo ndizo kikomo chake.

Yapo mambo ya AM5 ambayo mtu anayejenga kwa mara ya kwanza hana budi kuyajua kabla hajapoteza usingizi. Tulipomaliza kukaza skrubu ya mwisho na kubonyeza kitufe, feni zilizunguka, taa ndogo ya njano kando ya RAM ikawaka, na skrini ikabaki nyeusi. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Mpwa wangu akauliza kwa sauti ya chini, "Mjomba, tumeiunguza?" Nilimshika mkono asizime, kwa sababu mara ya kwanza ubao wa AM5 huipima RAM na kujifunza namna ya kuongea nayo, kazi inayoweza kuchukua dakika kadhaa, na kuikatiza ni kuianza upya. Kwenye dakika ya nne taa ilizimika na nembo ikatokea. Baada ya hapo ingia BIOS, mipangilio ya ubao wenyewe, uwashe EXPO, inayoiruhusu RAM ikimbie kasi yake kamili, la sivyo RAM uliyoilipia kasi ya 6000 itatembea kwa 4800 bila kukuambia. Na RAM nunua mbili zinazofanana, uzipachike kwenye nafasi ya pili na ya nne kuanzia kwenye prosesa. Sisi tulinunua kabla bei hazijapanda mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili mnemba. Anayejenga sasa aanze na GB 16, mbili za GB 8, ajibane hapo.

Kesi yetu, yaani sanduku la kompyuta, ni ya kawaida kabisa, lakini uso wake wa mbele ni wavu. Zile za kioo mbele hupendeza dukani, ila feni hukosa pa kuvutia hewa. Feni mbili zinaingiza na moja inatoa, ili hewa ipite kwenye vichujio badala ya kunyonywa kwenye kila upenyo pamoja na vumbi. Vichujio tunaviosha kila baada ya wiki mbili, na kila mara maji huwa mekundu.

SSD haina mengi: chukua TB 1, maana gemu moja kubwa siku hizi inapita GB 100, na kwa bei ya vifurushi vya intaneti ni nafuu kuinakili kutoka diski ya rafiki kuliko kuipakua.

Dosari ninayoihesabu kweli ni GB 8 za kumbukumbu kwenye kadi. Katika gemu mpya nzito tumelazimika kushusha ubora wa sura za vitu kutoka juu kabisa hadi wa kati, kwa sababu kumbukumbu hiyo ikijaa picha huanza kukwama, hata wakati kadi yenyewe bado ina nguvu. Kwa EA Sports FC, Fortnite na GTA V, ambazo ndizo zinazochezwa nyumbani kwetu, jambo hilo halijatugusa. Mwenye skrini ya 1440p, yenye nukta nyingi kuliko yetu ya 1080p, au anayetaka kadi moja ya miaka mitano, asiichukue hii. Aongeze fedha atafute yenye GB 12 au zaidi, na akishaipata arudi tena kwenye ule mstari wa volti 12 apige hesabu upya.