REAPER kwa anayerekodi ilimba nyumbani Dodoma

Wimbo wangu umeshatoka. Kuanzia kurekodi mpaka masta, yaani toleo la mwisho, nimeufanya mwenyewe chumbani kwangu Nkuhungu, kwa programu moja inayoitwa REAPER. Wanamuziki wenzangu wengi wa hapa mjini hawaijui, maana maprodyuza wanaotuzunguka wamezoea FL Studio, programu ya kutengenezea biti. Naandika kwa yule mwenye ala ya kweli mkononi, iwe ilimba (ala ya Wagogo ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba), zeze, ngoma au gitaa.

Bei kwanza. Unaipakua bure na kuitumia yote, bila kufungiwa chochote, kwa siku 60. Baada ya hapo leseni ya mtu binafsi ni dola 60, kama laki moja na nusu hivi ya kwetu. Ya dola 225 ni ya biashara kubwa. Faili la kusakinisha kwenye Windows halifiki hata MB 30, kwa hiyo bando halikauki, na kompyuta yangu mpakato ya zamani inaibeba bila kulalamika. Aliyeianzisha ni Justin Frankel, yule yule aliyetuletea Winamp, programu ya kuchezea muziki, na waliowahi kukaa intaneti kafe miaka ile watakumbuka Winamp ilivyokuwa nyepesi.

Mimi ni fundi cherehani, na muziki nimeupata kwa mama yangu Mvumi, ambaye mpaka leo akishika ngoma ya muheme, ile ya wanawake wa Kigogo, watu wanasogea. Ilimba kwenye wimbo huu kaipiga mjomba. Nilipomaliza miksi ya kwanza niliwatumia wenzangu wanne kabla ya kuitoa, na hapo ndipo nilipoijua programu hii vizuri. Kurekodi, programu yoyote itakurekodia. Kazi ni pale watu wanapoanza kukurudishia maoni, huyu anataka hiki, yule anataka kile, na wewe unatakiwa kujaribu yote bila kuharibu ulichonacho.

REAPER haigusi sauti uliyorekodi. Ukate, uvute, upandishe, faili la mwanzo linabaki lilivyo. Ukibonyeza Shift na M unaweka alama pale wimbo ulipofika na kuiandikia jina. Basi kila maoni niliyapa alama yake: "sauti inazama hapa", "besi inagombana", "kibwagizo kimechelewa". Nikawa nasikiliza maneno ya wenzangu mahali penyewe yanapohusika. Aliyelalamikia beti la pili sikumtumia wimbo mzima tena. Nilichagua kipande hicho tu, nikakitoa kwa MP3, nikamtumia WhatsApp kama dokyumenti ili sauti isibanwe. Akajibu, "Sasa nakusikia, dada."

Maoni mazito yalitoka kwa kaka mmoja wa Area A anayetengeneza biti, mtu ninayemheshimu sana kwa masikio yake. Aliniambia, "Dada, ilimba haipo kwenye tuni. Ipige otochuni," yaani programu ya kunyoosha tuni. Na kweli ilikuwa inagombana na besi ya kinanda. Lakini ilimba ya Kigogo haifuati kinanda na haijawahi kukifuata. Sauti zake zinafuata ngazi za asili, zile zinazopatikana uzi mmoja unapojigawa mara sita, saba, nane, tisa. Ile ya saba inakaa chini ya noti ya kinanda kwa senti 31, yaani karibu theluthi moja ya nusu-toni. Ukiipandisha ifanane na kinanda umeiondoa Dodoma kwenye wimbo. Marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo aliyefariki mwaka 2003, alisimama na ilimba kwenye majukwaa ya Ulaya ikiwa na tuni yake hiyo hiyo, na watu walimsikiliza.

Kwa hiyo nikaitengeneza besi. Nilikuwa nimeirekodi kama sauti, noti moja moja, basi nikazikata zile zinazogongana kwa herufi S, nikafungua sifa za kila kipande kwa F2, na kwenye sehemu ya pichi nikaandika -0.31, yaani senti 31 kwenda chini. Kwa ilimba ya mjomba ilikaa karibu sana na hapo, nyingine nikazisogeza kwa sikio. Nilipomrudishia yule kaka, aliniuliza nimetumia otochuni gani. Kwangu hiki kitu kimoja kinatosha kulipia dola 60. Kwamba unaweza kukivuta kinanda kimfuate mzee wa Mvumi, noti kwa noti, kwa kuandika namba tu, ni jambo ambalo kila anayerekodi muziki wa kwetu anapaswa kulijua.

Mwenzangu mwingine, mpiga gitaa wa kwaya, alisikia mzizimo, mlio kama wa nyuki, juu ya kila noti ya ilimba akadhani ni maiki mbovu. Mzizimo ule unatoka kwenye utando wa buibui unaobandikwa juu ya tundu la ala, na mjomba huuchagua kwa makini kuliko anavyochagua mbao. Umebaki. Nilichosafisha ni feni ya kompyuta na mvumo wa upepo wa Julai kwenye bati, kwa kifaa kinachoitwa ReaFIR: unakisikilizisha sekunde chache za ukimya wa chumba, kisha kinaondoa mngurumo huo peke yake. Usikizidishe, sauti itakuwa kama imetoka bombani.

Umeme nao tunaujua. Washa ile ya kujihifadhi yenyewe kila dakika chache. Kwangu umekatika katikati ya vokali na nikarudi nikakuta kazi ipo.

Kasoro zipo, na zingine ni kubwa. Haina Kiswahili. Haiji na ngoma wala vinanda vya maana, kwa hiyo anayetaka kufungua na kupata biti papo hapo ataona amepoteza muda, na huyo namshauri abaki na FL Studio. Sura yake ni kavu, menyu ni nyingi mno, na vifaa vyake vya miksi kama ReaEQ (cha kupunguza au kuongeza besi na sauti za juu) na ReaComp (cha kubana sauti) vinafanya kazi safi lakini mtu anayeanza havimwelekezi popote. Mimi nilijifunza kwa kutazama video usiku baada ya kazi, na kuna mambo bado nayatafuta.

Wakati wa kutoa wimbo inakuonyesha kipimo cha ukubwa wa sauti kwa LUFS. Spotify husawazisha nyimbo karibu na LUFS -14, basi sikuona sababu ya kuubana wimbo mpaka ngoma za mama zipoteze pumzi. Pale juu, sauti inapofika kileleni, nikaacha nafasi ya desibeli moja.

Mjomba aliusikiliza kwenye simu yake, akiwa amekaa chini ya mbuyu, mara mbili mfululizo. Alitaka kitu kimoja tu: waitikiaji wasogee karibu, kwa sababu kwenye muheme wanawake hawasimami nyuma ya mtu. Nikafungua kazi ile ile, nikawapandisha desibeli tatu, na hiyo ndiyo miksi iliyotoka.