Kifimbo cha ethi na RCD kwa tangi la samaki: nimevitumia, haya ndiyo niliyoyaona

Wenzangu mnaofuga samaki wa urembo ndani ya nyumba hapa Kampala, leo naongelea kile kifimbo cha titaniamu unachotumbukiza majini halafu waya wake unaenda kwenye ethi ya soketi (ule waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja), pamoja na RCD ya kuchomeka ukutani, yaani kifaa kinachokata umeme wenyewe ukivuja, niliyonunua nacho. Nimeviweka pamoja kwa sababu anayekuuzia kifimbo peke yake anakuuzia nusu ya kazi, na hiyo nusu inaweza kukuletea hatari, nitaeleza. Kifimbo niliagizia Nairobi kikaja na basi, kama elfu tisini za kwetu pamoja na usafiri. RCD nimeipata downtown kwenye maduka ya vifaa vya umeme, bei juu kidogo ya hapo. Kifimbo nakipa nyota nne, RCD nyota tano.

Kilichonifanya nianze kutafuta ni mtoto wangu anayelisha samaki, alikuwa na jeraha dogo kidoleni akawa analalamika maji yanamchoma choma. Mkono mzima unaweza usisikie kitu, lakini ngozi iliyokatika inasikia haraka. Nikachukua multimita, hizi za bei rahisi zinatosha, nikaiweka kwenye volti za AC, waya mweusi kwenye tundu la ethi, lile la juu peke yake, mwekundu majini. Ikasoma 41. Jamani, volti 41 kwenye maji ambayo mtoto anatia mkono kila asubuhi!

Lakini namba hiyo peke yake haisemi yote. Multimita inavuta umeme kidogo mno, kwa hiyo hata volti isiyo na nguvu inaonekana kubwa. Pampu ina koili yake karibu na maji, taa ya juu ina transfoma yake, vyote hivyo vinaweza kuingiza volti majini bila waya wowote kugusa maji, na volti ya namna hiyo ukiipa njia ya kwenda ardhini inaisha hapo hapo. Hiyo si ya kukosesha usingizi. Ya kuogopa ni ile inayotoka kwenye kifaa kilichopasuka au waya uliochubuka, maana hapo maji yanagusana na 240 moja kwa moja. Ili kujua ni ipi, acha multimita majini, chomoa kifaa kimoja kimoja uangalie namba. Kwangu taa ilishusha kidogo, filta kidogo, nilipochomoa hita ikaanguka mpaka 6. Nikaiacha ipoe nikaitoa, na pale juu ambapo kioo kinaingia kwenye mpira kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na ndani ya kioo tone la maji limekaa. Hita ikaenda takataka siku hiyo hiyo. Hita za kioo zinapasuka sana wakati wa kubadilisha maji, maji yanashuka hita bado inawaka, halafu unamwaga ya baridi juu yake. Izime kwanza, ipe kama robo saa, ndio uanze kutoa maji.

Kwa hiyo mjue, kifimbo hakitafuti ubovu. Aliyeutafuta ni multimita. Kazi ya kifimbo ni kuipa umeme njia ili RCD ikate kabla mtu hajatia mkono. Na hapa ndipo kununua kimoja bila kingine kunakuwa hatari. Samaki aliye kwenye maji yasiyo na njia ya kwenda ardhini hapitiwi na umeme wa kumdhuru, kwa sababu umeme lazima uingie na utoke. Ukitumbukiza kifimbo umeufungulia pa kutokea. Sasa hita ikivuja ampia moja, breka ya kawaida ya ampia 20 haioni kitu kabisa, umeme unapita kati ya hita na kifimbo, samaki wako katikati, siku nzima. RCD inapima umeme unaoenda na unaorudi, tofauti ikifika miliampia 30 inakata, chini ya nusu sekunde. Bila RCD mimi nisingekiweka hicho kifimbo majini.

Jambo la pili ni ethi yenyewe, na hili kwetu ni tatizo kubwa kwenye nyumba za kupanga. Soketi ina matundu matatu safi, ukiifungua waya wa ethi haupo, au upo na hauendi popote. Fundi wangu alipima akaniambia, "Mama, ethi yako inaishia ukutani." Ukichomeka kifimbo hapo hakifanyi kazi, tena kuna baya zaidi: kama ethi za soketi zote zimeunganishwa zenyewe kwa zenyewe lakini haziendi ardhini, friji ikivuja kwenye bodi yake umeme huo unafuata waya wa ethi mpaka kwenye tangi lako. Umewaletea samaki umeme wa friji! Mwenye nyumba alikubali, fundi akagonga nondo ya ethi nje upande ule udongo haukauki, akapima tena, ndio tukachomeka.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya plagi. Kifimbo kilikuja na plagi ya Kimarekani, na zile adapta za barabarani nyingi hazipitishi ethi kabisa, kwa hiyo usijidanganye nazo. Fundi aliikata akafunga plagi yetu ya pini tatu za mraba, waya kwenye E (ethi) tu, L na N, zile pini mbili za umeme, zikabaki tupu. Waya nao ni mfupi, karibu usifike. Kifimbo chenyewe ni kizuri, titaniamu haishiki kutu hata kwenye maji ya chumvi. Msikubali mtu awawekee waya wa shaba majini, shaba inaua kamba na konokono.

RCD sasa. Kuna zile ambazo umeme ukikatika nazo zinajizima, ukirudi zinabaki zimezima mpaka mtu abonyeze. Kwetu hapa umeme unaenda na kurudi utakavyo, ukiwa kazini utakuta filta imesimama tangu asubuhi. Muulize muuzaji: umeme ukirudi inawaka yenyewe? Ajaribu mbele yako kwenye soketi yake, achomoe achomeke. Yangu inawaka yenyewe, ndio maana nimeipa tano. Kitufe cha T, kile cha kujaribia, nakibonyeza kila mwezi kuona kama inakata.

Na kwa sababu siku moja itakata kweli usiku wakati mmelala, pampu moja ya hewa nimeiweka ya betri, inaanza yenyewe umeme ukipotea. Tangi lenye samaki wengi likikosa hewa usiku mzima, asubuhi unaokota.