Kahawa ya kilimo hai (isiyotumia kemikali za viwandani) yenye alama ya Fairtrade, yaani biashara ya haki, au kahawa ya kawaida?

Tofauti kubwa iko kwenye malipo, si kwenye ladha. Kahawa ya kawaida hufuata soko tu: arabika ya Kilimanjaro huangalia bei ya soko la New York, robusta ya Kagera huangalia soko la London. Soko likiporomoka, mkulima huporomoka nalo.

Yenye alama ya Fairtrade ina kima cha chini cha bei ambacho mnunuzi hawezi kushuka chini yake. Tangu Agosti 2023, ratili moja (karibu nusu kilo) ya arabika iliyooshwa hailipwi chini ya dola 1.80. Ikiwa ya kilimo hai huongezwa senti 40. Iwe ya kilimo hai au la, senti 20 nyingine huingia mfuko wa ushirika wa wakulima. Wanachama ndio hupiga kura kuamua fedha za mfuko huo zinunue mashine ya kumenya kahawa mbivu au zijenge darasa. Soko likipanda kuliko hapo, hulipwa bei ya soko. Ila malipo yote hupokelewa na ushirika, na makato yapo.

Shambani, kilimo hai hudai miaka 3 ya mpito bila mbolea wala viuatilifu vya viwandani. Samadi, mboji na kivuli cha migomba hushika nafasi yake. Kutu ya majani na chulebuni (magonjwa ya kuvu, la pili huozesha matunda) yakiingia kwenye mibuni ya aina za zamani, mavuno hushuka, kwa kuwa dawa za shaba huruhusiwa kwa kiasi tu.

Alama ya Fairtrade na ya kilimo hai ni mbili tofauti. Moja haimaanishi nyingine. Wala hazisemi kama kahawa ni mpya: hilo tazama tarehe ya kukaangwa.