Bundi wa Sokoke, nakala ya 17 kati ya 40: duka la chapa za wanyama mjini Malindi

Duka ninalolizungumzia lipo mtaa wa Shela, Malindi, si mbali na Msikiti wa Juma, nalo linauza picha za wanyama na ndege zilizochapwa kwa idadi maalumu, yaani kila picha ina nakala zilizohesabiwa, zikatiwa namba na saini kwa penseli, na baada ya hapo hazichapwi tena. Nimelitembelea mara tatu tangu masika yaishe, na mara ya tatu nilitoka na bundi mdogo wa Sokoke, niliyemnunua kwa shilingi 9,500. Ninalisifu kwa jambo ambalo kwa mkusanyaji ndilo kubwa kuliko yote: ukiuliza idadi ya nakala, unaambiwa ukweli. Fremu zake, hata hivyo, sizipendekezi.

Suala la idadi nalishikilia kwa sababu limewahi kunigharimu. Miaka kadhaa iliyopita niliuziwa mahali pengine picha ya simba iliyoandikwa kuwa nakala moja kati ya 200, kisha nikaikuta simba ileile katika ukubwa mwingine, ikiwa na hesabu yake mpya inayoanza tena kutoka moja. Muuzaji hakuwa amesema uongo, ila alinyamazia jambo ambalo lingenizuia kununua. Tangu siku hiyo huuliza maswali matatu: nakala zote ni ngapi ukijumlisha kila ukubwa, nakala za msanii mwenyewe ambazo hazimo katika hesabu ni ngapi, na kile kilichochapia kiko wapi.

Nilipomuuliza mzee mwenye duka swali hilo la tatu kuhusu bundi, hakujibu kwa maneno. Alifungua mtoto wa meza, akatoa kibao cha linoliamu, ile mali laini ya kutandika sakafuni ambayo huchongeka kwa urahisi, kilichofungwa kwa kitambaa, akakiweka mbele yangu. "Hicho ndicho kilichosalia, mwanangu," alisema. Juu yake kulikuwa na mboni mbili za macho, michirizi ya manyoya ya kifua na ncha za masikio, basi. Kwingineko kote kulikuwa kumechongwa hadi chini. Bundi huyo alichapwa kwa kibao kimoja kinachozidi kuchongwa kila rangi inapokamilika: kwanza manjano kwenye karatasi zote, kisha sehemu zitakazobaki za manjano zinachongwa na kuondolewa, ikafuata rangi ya kutu, na mwisho hudhurungi iliyokoza. Karatasi ikiharibika katikati ya kazi haiwezi kufidiwa, kwa kuwa kibao cha rangi ya kwanza hakipo tena. Kwa chapa ya namna hii, ahadi ya kutochapa tena inalindwa na kibao chenyewe, wala haimlazimu mnunuzi kutegemea neno la mtu.

Nilimwangalia bundi kwa kioo cha kukuzia karibu na dirisha. Wino umelala bapa, bila zile nukta ndogondogo za printa, na kwenye ukingo wa sikio la kushoto rangi ya kutu imepita mstari wa hudhurungi kwa unene wa uzi. Kwangu hiyo si dosari. Ni alama ya mkono ulioiweka karatasi juu ya kibao mara tatu. Msanii amemfahamu ndege wake pia. Bundi wa Sokoke, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1966, ana urefu usiozidi sentimita 18 hivi, macho ya manjano, na rangi zinazotofautiana kutoka kijivu hadi wekundu wa kutu, na hapa amechorwa yule mwekundu, amejibanza tawini kama jani kavu, jinsi wanavyoonekana mchana wakilala katika msitu wa Arabuko-Sokoke.

Ukweli wa mzee huyo niliupima pia kwa ndovu wa David Shepherd aliyetundikwa nyuma ya meza. Wengi hapa hawajui kwamba Mwingereza huyo, ambaye baadaye alisifika duniani kote kwa kuchora ndovu, alipokuwa kijana aliwahi kufanya kazi hotelini papa hapa Malindi. Mzee angeweza kuitumia habari hiyo kupandisha bei. Badala yake alinieleza kwamba chapa ile ni ya mashine ya ofseti, yaani ya kiwandani na si ya mkono, kwamba matoleo ya Shepherd yalikuwa na mamia ya nakala, mengine 850, mengine 1,500, na kwamba wekundu wa udongo umepauka kwa jua.

Jua hilo ndilo linalonirejesha kwenye fremu. Picha zilizokwisha kutiwa fremu dukani zimegusana na kioo, zimeshikizwa kwa selotepu, na mgongoni zimefunikwa kwa plaiwudi. Katika mji wa pwani hayo ni makosa matatu. Masika unyevu huganda ndani ya kioo na karatasi ikanata, gundi ya selotepu hugeuka rangi ya chai, na asidi ya mbao huigeuza hata karatasi nzuri ya pamba kuwa ya manjano. Nilimweleza, akasikiliza kwa upole, akasema wateja wengi wanataka picha ya kuondoka nayo siku hiyohiyo. Namwelewa, lakini inaniuma kuona kazi ya uangalifu kiasi kile ikifungiwa ndani ya kitu kitakachoiharibu. Mwambie akupe picha bila fremu. Huiweka kati ya kadibodi mbili, pamoja na hati yenye namba, mwaka na idadi ya rangi, na malipo hupokewa kwa M-Pesa.

Bundi wangu nimemfanyia fremu kwa fundi mwingine: kadibodi isiyo na asidi iliyokatwa dirisha ili kioo kisimguse, vipande vya karatasi nyembamba na gundi ya wanga badala ya selotepu, na vizibo viwili vidogo nyuma ili hewa ipite kati yake na ukuta wa mawe. Yuko ukumbini, upande ambao jua la asubuhi halifiki. Siku niliyomchukua zilikuwa zimebaki nakala nne.