Patani ya kuprinti ya sketi za kuzunguka za watoto: nimeshonea nguo za likizo za familia, maoni yangu haya hapa

Niseme mapema kwamba patani hii, yaani ramani ya karatasi ya kukatia nguo, naipenda, nimeitumia mpaka karatasi zimelegea kwenye mikunjo, ila kuna mambo maelezo yake yameyaruka na hayo hayo ndo yanaamua kama sketi itazunguka vizuri au itaning'inia tu. Naongelea zile patani za kununua mtandaoni, unatumiwa faili, unaprinti mwenyewe, unaunga makaratasi kwa selotepu halafu unakata. Ndani kuna sketi ya solo (duara zima), nusu solo (nusu duara), sketi ya marinda ya ngazi ngazi, na gauni lenye kifua cha lastiki ambalo chini unaunga yoyote kati ya hizo. Saizi ni za miaka 2 mpaka 10.

Mimi nashonea wanangu na watoto wa dada yangu, na kazi kubwa huwa inakuja familia ikiwa inajiandaa na likizo, maana nguo ya safari ina masharti yake jamani. Iwe nyepesi, ikauke usiku mmoja, isidai pasi, isimkwaruze mtoto kiunoni akikaa kwenye gari muda mrefu, iingie kwenye begi bila kujaza begi. Na mtoto mwenyewe ana sharti lake moja tu, atavaa, atasimama katikati ya sebule, atajizungusha, na kama sketi haijapaa basi hiyo nguo kwake haina maana hata ungeitia lesi za aina gani. Kwa hiyo patani nimeipima kwa hayo.

Tuanze na kuprinti maana hapo ndo wengi wanaharibikiwa na wanailaumu patani bure. Ukurasa wa kwanza una kiboksi cha kupimia cha sentimita 5 kwa 5, uprinti huo ukurasa peke yake kwanza, uweke rula, kama kiboksi ni 5 kamili endelea, kama sio basi printa yako imepunguza ukubwa ili ukurasa uenee kwenye karatasi. Nenda kwenye mipangilio uweke asilimia 100. Inaonekana ni kitu kidogo lakini hesabu yake sio ndogo, sketi ya kiuno cha sentimita 62 ikiprintiwa kwa asilimia 94 inakuwa 58, na mtoto wa nyonga 60 hapiti hapo. Halafu hii faili imepangwa kwa karatasi za Marekani ambazo ni fupi na pana kuliko A4, A4 ina milimita 210 kwa 297 na zile zao zina 216 kwa 279, kwa hiyo ukiwa na A4 mistari ya pembeni inakatika kidogo, inabidi uiendeleze kwa penseli na rula. Muuzaji angeweka faili mbili angetupunguzia kazi. Hapo namkata alama.

Kilichonifurahisha kuliko vyote ni jedwali la vipimo. Sio lile la umri tu, linakupa pia njia ya kutafuta nusu kipenyo mwenyewe, yaani umbali kutoka kona ya kitambaa kilichokunjwa mpaka pale unapokata kwa ajili ya kiuno. Chukua kipimo cha mahali sketi itapita, na kwa mtoto kwenye sketi ya lastiki isiyo na zipu hiyo ni nyonga sio kiuno, ongeza sentimita 2, halafu gawanya kwa 6.28 kama ni solo, au kwa 3.14 kama ni nusu solo. Mfano mtoto mwenye nyonga 60, tunachukua 62, solo inakuja karibu sentimita 10 na nusu solo karibu 20. Ukishajua hilo hata karatasi huhitaji, kwa solo unakunja kitambaa kiwe tabaka nne, unashika futi kwenye kona, unazungusha na chaki, umemaliza. Toa tu sentimita moja ya mshono kwenye hiyo 10, maana duara la kiuno linapanuka ukishashona, ukisahau kutoa sketi inakuwa pana kiunoni na lastiki inajaza marinda mengi yanayovimba tumboni.

Sasa solo yenyewe. Urefu wa 35 kwa huyo mtoto unakupa pindo la chini lenye mzunguko wa kama sentimita 283, karibu mita tatu nzima kwa mtoto mdogo hivyo, na akizunguka sketi inafunguka kama mwavuli. Hakuna mtoto niliyemvisha akabaki ametulia. Kitambaa cha upana wa sentimita 115 kinatosha maana duara lote linahitaji kama 92 tu. Ila kwa msichana mkubwa kidogo, nyonga 76 na sketi ya urefu wa 50, duara linafika kama 127, hapo 115 haitoshi, unakata nusu mbili uunge pembeni au utafute kitambaa cha 150. Patani inaonesha hili vizuri kwa picha.

Isichosema, na mimi naona ni kosa kubwa kwenye maelezo ya solo, ni kwamba sketi ikishaungwa kiuno lazima itundikwe kabla ya kupinda chini. Duara lina sehemu nne ambazo kitambaa kinakaa kwa mshazari, na mshazari unavutika kwa uzito wake wenyewe, zile sehemu nyingine hazivutiki. Ukipinda siku hiyo hiyo, baada ya wiki sketi ina masikio manne yananing'inia. Itundike usiku na mchana mzima, kwenye hanga ya vibanio, halafu mvishe mtoto asimame au uipime kutoka kiunoni kuzunguka pande zote, usawazishe kwa mkasi, ndo upinde. Kitambaa chepesi cha viskosi kinavutika zaidi ya pamba, kipe siku mbili. Na kabla ya yote hayo ufue kitambaa kwanza na ukikaushe, pamba inarudi, yaani inapungua, asilimia 3 mpaka 5 hivi kwenye ufuaji wa kwanza na kwenye sketi fupi unaiona hiyo tofauti.

Pindo la solo lenyewe, maelezo yanasema kunja sentimita 2. Hapana. Kwenye duara ukikunja sana ule ukingo wa nje ni mrefu kuliko sehemu unayokunjia, unabaki na mikunjo mikunjo upande wa ndani na chini panajipinda. Mimi nafanya pindo jembamba, napita mshono mmoja sentimita 0.6 kutoka ukingoni, nakunja hapo hapo kwenye uzi, napiga pasi, nakunja tena, nashona. Au natumia bayasi (utepe wa kitambaa uliokatwa mshazari) ya rangi nyingine, hii ndo naipendelea kwa nguo za likizo maana inaongeza uzito kidogo pale chini na uzito wa chini ndo unaifanya sketi ipae ikizungushwa, kitambaa chepesi sana kisicho na chochote chini kinajikunja miguuni badala ya kupaa. Watu wanadhani siri ni wingi wa kitambaa, mimi nimeona ukingo una kazi kubwa kuliko wingi.

Kitu kingine kuhusu solo, angalia maua yako. Kama kitambaa kina picha zenye juu na chini, mfano minazi au ndege au boti, ukikata duara zima mbele picha zitasimama, pembeni zitalala, nyuma zitakuwa kichwa chini. Kwa maua madogo yaliyotawanyika hakuna shida. Kwa picha kubwa chukua ya ngazi.

Na hiyo ya ngazi sasa, jamani, hii ndo imenifanya niandike haya yote. Ni mistatili mitupu, hakuna duara, hakuna mshazari, hakuna kutundika. Kila ngazi ni mara moja na nusu ya ile ya juu yake, kwa huyo huyo mtoto wa 62 ngazi ya kwanza ni 93, ya pili 140, ya tatu 210, kila moja kimo cha sentimita 14 ukijumlisha mishono. Ukijumlisha urefu wote ni 443 hivi, kwenye kitambaa cha 115 ni vipande vinne, yaani sentimita 56 za kitambaa na kidogo tena cha kiunoni, wakati solo inataka 92. Nimeshona mabaki ambayo nilikuwa nimeyaweka tu, ngazi moja rangi hii nyingine rangi ile, na watoto wa familia wakatoka wamefanana bila kufanana kabisa, kila mmoja rangi zile zile kwa mpangilio wake. Kwenye picha za pamoja inapendeza kuliko wote kuvaa kitambaa kimoja, hayo ni maoni yangu na sitayabadilisha.

Kuvuta marinda ndo kazi yenyewe. Weka mshono mrefu, milimita 4 au 5, mistari miwili, mmoja ndani ya mwingine, vuta nyuzi za bobini (nyuzi za chini) zote mbili kwa pamoja, gawanya kitambaa robo nne kwa pini kabla hujavuta ili marinda yasijazane upande mmoja. Mstari mmoja hautoshi, uzi ukikatika katikati ya mita mbili unaanza upya. Inazunguka kidogo kuliko solo, 210 sio 283, lakini inacheza vizuri upepo ukipiga na kwenye gari haijazani chini ya mkanda. Ngazi ya mwisho naipa pindo pana la sentimita 3 maana ni mstatili, hapo inaruhusu, na uzito ule unasaidia kuzunguka.

Nusu solo sina mengi. Pindo linakuja 173, mtoto akizunguka inapanda kidogo halafu basi. Ni nzuri kwa mtoto anayeanza kutembea, sketi kubwa inamkanyagisha, na kwa kwenda mahali pa heshima. Kwa anayependa kuzunguka usimpe hii.

Gauni la kifua cha lastiki limenichukua muda kulielewa ila ukishalipata hutaki kushona lingine. Uzi wa lastiki unaviringisha kwenye bobini kwa mkono, bila kuuvuta, juu unaweka uzi wa kawaida, mshono mrefu kama milimita 3.5 au 4, mistari ya kuachana sentimita moja. Baada ya mistari mitatu minne utaona kifua hakijavutika vya kutosha, usihangaike na usianze kufumua, maliza mistari yote halafu pitisha pasi ya mvuke juu bila kukandamiza, lastiki inajikusanya mbele ya macho yako. Patani inasema hivyo na ni kweli. Uzuri wa hiki kifua ni kwamba kinakua na mtoto, gauni la mwaka huu linakuwa blauzi ndefu mwakani.

Kwenye safari zenyewe nguo zimefanya kazi. Zile za pamba yenye mikunjo mikunjo ya asili ndo nazipa alama zote, unazifua jioni kwenye sinki, unazikamua ndani ya taulo, unatundika, asubuhi zinavaliwa na pasi haina habari. Popilini ya kawaida inakauka pia ila inajikunja sana begini, basi nazizungusha badala ya kuzikunja na sketi ya solo naizungusha ikiwa imekunjwa mara nne ile ile kama ilivyokatwa. Baada ya bahari au bwawa zisuuze kwa maji safi siku hiyo hiyo, chumvi inakakamaza kitambaa na dawa ya bwawa inakula rangi.

Na jambo ambalo ningependa liandikwe ukurasa wa kwanza wa patani kwa herufi kubwa, kila sketi ya kuzunguka ishonewe kitaiti chake. Sketi inayopaa inapaa kila mahali, kwenye upepo, kwenye ngazi, kwenye bembea, na mtoto ana haki ya kucheza bila mtu kumwambia kila dakika shika sketi. Mimi nashona kaptula fupi ya kitambaa cha jezi, kile kinachovutika, cha rangi ya bayasi, kwa sindano ya jezi yenye ncha butu na mshono wa zigizaga mwembamba ili usikatike akichuchumaa, naishikisha kwa ndani kwenye kiuno cha sketi kabla sijaingiza lastiki, hivyo inakuwa nguo moja na haipotei begini. Lastiki nakata pungufu ya kiuno kwa sentimita 3 tu, ikibana zaidi ya hapo inaacha alama tumboni mtoto akikaa muda mrefu.

Alama nampa nne kati ya tano, ile moja imeondoka na faili la karatasi za Marekani, kutundika na pindo la solo. Likizo ijayo sikati sketi mpya kwa wakubwa, watoto wa umri huo wanaongezeka kama sentimita 6 kwa mwaka, nafumua pindo la zile za ngazi na naunga ngazi ya nne. Kwa ile ya 210 ngazi mpya inatakiwa 315, kitambaa nimeshakifua kiko kwenye kamba.