Fielder ya 2016 yenye Safety Sense C: uzoefu wangu kwenye barabara ya Nakuru–Kisumu

Niseme mapema: kati ya vifaa vyote vya kisasa vilivyokuja na gari hili kutoka Japani, taa zinazojipunguza zenyewe ndizo ningelipia tena. Vingine vina kazi yake, ila vinataka dereva anayejua vinaishia wapi.

Toyota Safety Sense C, yaani mfumo wa usalama wa gari hili, inategemea kijisanduku kimoja kwenye kioo kikubwa cha mbele, nyuma ya kile kioo kidogo cha kutazamia nyuma. Ndani mna kamera moja na leza. Humo ndimo zinamotoka breki ya dharura inayojishika yenyewe, mlio wa mstari (unaokuonya gari likitoka nje ya mistari ya barabara) na taa zinazobadilika zenyewe kati ya ndefu na fupi.

Taa huanza kazi ukipita mwendo wa kama kilomita 30 kwa saa, swichi ikiwa AUTO. Usiku kati ya Salgaa na Mau Summit, trela zikifuatana, zinakupunguzia kazi ya mkono na hazimpofushi mwenzako. Kwenye kona huchelewa kidogo. Boda boda asiye na taa hazimtambui. Ukungu ukishuka pale Mau Summit, izime AUTO na urudi kwenye taa fupi mwenyewe, kwa sababu taa ndefu hugonga ukungu na kukurudia machoni.

Breki ya dharura hujishika mwendo ukiwa kati ya kilomita 10 na 80, na hupunguza kama kilomita 30 tu. Piga hesabu: ukielekea lori lililoharibika barabarani kwa 80, na wewe mwenyewe hukukanyaga, bado utaligonga kwa kama 50. Tena imetengenezewa magari, si watu wala mifugo. Ninachokihofia zaidi ni trekta la miwa upande wa Muhoroni na Chemelil. Miwa imetokeza nyuma kupita tela, haina kiakisi, na trekta lenyewe linajikokota. Leza inatafuta mgongo wa gari wa kawaida, na mzigo uliotokeza hivyo unaweza kuipita bila hata mlio. Ukiona maganda ya miwa barabarani, punguza mwendo wewe.

Jioni ukielekea Kisumu, kuanzia Awasi hadi Ahero jua linakuwa usoni kabisa. Kamera nayo hupofuka kama wewe. Taa ya njano ikiwaka kwenye dashibodi saa hiyo, usikimbilie fundi. Mara nyingi hujizima jua likihama.

Mlio wa mstari hufanya kazi ukipita kama kilomita 50, na hauvuti usukani, unapiga kelele tu. Penye mistari iliyochorwa vizuri humgutusha anayesinzia. Palipofutika, hunyamaza. Kukwepa mashimo bila indiketa kutakufanya uuchukie upesi. Bora kuuzima kwa kitufe chake kuliko kuzoea kuupuuza.

Sasa kioo cha mbele, ambapo wengi hupoteza mfumo mzima bila kujua. Jiwe la lori likikipasua, dai kioo chenye kishikio cha kamera na sehemu angavu mbele ya lenzi. Kuna cha bei nafuu kinachofanana nacho ila hakina kishikio, na fundi atakwambia atabandika kwa gundi. Kataa. Baada ya kubadilisha, kamera lazima ilengwe upya kwa mashine ya uchunguzi na ubao wa alama, gari likiwa mahali tambarare na matairi yana upepo sawa. Taa ya onyo kutowaka si ushahidi kwamba imelengwa sawa. Mimi hupendekeza jaribio hili: barabara tupu yenye mistari safi, mwendo 60, sogelea mstari wa kushoto taratibu bila indiketa, kisha wa kulia. Upande mmoja ukilia mapema na mwingine ukichelewa, mrudishie fundi. Breki usiijaribu kwa njia hiyo. Stika na plastiki ya kivuli zikae mbali na eneo la kamera, na lenzi ya ndani usiipanguse.

Injini inayojizima kwenye foleni ni habari nyingine. Inaokoa mafuta kidogo, lakini Kondele saa saba mchana inazimika, AC inageuka feni, na baada ya muda mfupi inawaka tena. Betri inayostahimili hayo ni ya aina yake, yenye maandishi kama M-42 au Q-85; hakiki iliyo kwenye gari lako kabla ya kununua. Ukifunga ya kawaida kwa kuwa ni rahisi, itachoka mapema. Mfumo huo wa injini kujizima mimi huuzima kila ninapowasha gari, kwa kitufe chenye herufi A ndani ya mshale, maana haukumbuki ulichochagua jana.

Yule mama anayeongea Kijapani kila ukiwasha gari anadai kadi ya kulipia barabara za Japani. Kifaa chake mara nyingi kiko chini ya dashibodi. Fundi wa umeme akichomoa plagi yake, ananyamaza.