Upinde wa mtambo kwa kulungu wa Ohio: pesa iende kwenye nini

Msimu wa kuwinda kulungu kwa upinde huko Ohio, Marekani, hufunguliwa mwishoni mwa Septemba na kufungwa mwanzoni mwa Februari, na kwa muda wote huo sheria ya jimbo inauruhusu upinde wa mtambo, yaani ule uliofungwa juu ya kitako kama cha bunduki na kufyatuliwa kwa kidole, sawasawa na upinde wa kawaida. Kwa Mswahili wa Columbus au Dayton anayetaka kuanza kuwinda, chombo hiki kina faida mbili: msimu wake ni mrefu kuliko wa bunduki, na hakimdai miaka ya kuyazoeza mabega kuvuta na kushikilia ugwe huku akilenga. Ugumu wake uko dukani. Sanduku la kila upinde limeandikwa kasi yake kwa tarakimu kubwa kuliko jina la kampuni, na mnunuzi mgeni huishia kulipia tarakimu hizo, kisha hubakiwa na fedha kidogo za vitu ambavyo ndivyo hasa vitakavyomwangusha mnyama.

Tuanze na hiyo kasi, kwa kuwa ndiyo inayopandisha bei. Mshale unaotoka kwa futi 360 kwa sekunde huenda karibu mita 110 kwa sekunde, ilhali sauti husafiri mita 340 hivi. Kulungu aliye umbali wa yadi 30, ambazo ni mita 27, husikia mlio wa ugwe baada ya sehemu 8 za mia za sekunde, na mshale humfikia baada ya takriban robo ya sekunde. Katika nafasi hiyo ndogo kulungu aliyeshtuka huinama kwanza ili apate nguvu za kuruka, na mshale uliolengwa vizuri hupita juu ya mgongo wake. Ukinunua upinde wa futi 420 kwa bei iliyokaribia kuwa maradufu, utakuwa umeokoa sehemu 3 au 4 za mia za sekunde. Mimi sioni kwamba hilo linalipa. Kinacholipa ni kusubiri mnyama atulie na asogee ndani ya yadi 30, na hilo haliuzwi.

Nguvu nayo haina upungufu. Mshale wa greni 400 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) ukienda kwa futi 360 hubeba nishati ya pauni-futi 115 hivi. Easton, kampuni kongwe ya mishale ya Marekani, katika chati yake imewapangia kulungu pauni-futi 25 hadi 41, na kiwango cha zaidi ya 65 imekiweka kwa wanyama wagumu, akiwemo mbogo wetu wa Afrika. Kwa hiyo hata upinde wa bei ya kati unao uwezo wa ziada, na muuzaji anayekuambia kwamba bila futi 450 utamjeruhi tu kulungu ana mzigo anaotaka uondoke rafuni.

Katika pinde nilizozitazama kwa ajili ya tathmini hii, ile ninayompendekezea mtu wa kwanza ni Wicked Ridge Rampage 360. Wicked Ridge ni jina la bei nafuu la TenPoint, kampuni ya Mogadore, mji mdogo ulio jirani na Akron, jambo ambalo kwa mkazi wa Ohio si dogo, kwa kuwa fundi na vipuri viko karibu. Upinde huu huuzwa kwa namna zaidi ya moja kulingana na jinsi unavyovutwa, na hapo ndipo mnunuzi anapaswa kufikiri zaidi kuliko kwenye kasi. Kamba ya kuvutia yenye kulabu mbili hupunguza uzito kwa nusu: upinde wa pauni 180 unakuachia pauni 90, karibu kilo 41, ambazo kijana mwenye mgongo mzima atazivuta asubuhi yenye baridi bila shida. Mwenye bega bovu, mzee, au mtu mwenye mwili mdogo atahitaji winchi ya mkono iliyojengwa ndani ya kitako, ambayo TenPoint wanaiita ACUdraw. Huongeza bei na hupoteza muda kidogo, lakini ina faida ambayo matangazo hayaisisitizi vya kutosha: winchi huuvuta ugwe pande zote mbili kwa usawa.

Usawa huo una maana kubwa. Ukiuvuta ugwe kwa mikono au kwa kamba ukaupeleka upande mmoja kwa milimita moja na nusu tu, mshale utaangukia inchi kadhaa pembeni, na utailaumu darubini bure. Anayetumia kamba na achukue kalamu ya wino mzito, na wakati upinde haujavutwa atie alama kwenye ugwe pale unapogusa kingo mbili za reli, yaani njia ambayo ugwe na mshale hupita. Akishauvuta, alama zote mbili ziwe zimekaa sawa kwenye kingo zake. Moja ikiwa imezama na nyingine imetoka, afyatue mshale wa kupunguzia nguvu ndani ya shabaha na kuanza upya. Asifyatue kamwe bila mshale. Viungo vya upinde, yaani mikono yake miwili inayopinda, hupasuka, na pinde nyingi za sasa zina kizuizi cha kuzuia jambo hilo, ila kizuizi si ruhusa ya kujaribu.

Ravin R10, inayotengenezwa Wisconsin, ni chombo cha daraja jingine. Ukiwa umevutwa, upana wake ni inchi 6 na kitu, na kasi yake ni futi 400. Winchi yake huuvuta upinde na pia huuregesha taratibu bila kufyatua mshale, jambo linalomfaa sana anayeteremka mtini jioni mikono mitupu. Wembamba wake ndio ninaouonea wivu. Ndani ya hema la kuvizia lenye dirisha dogo, au kwenye dungu ambalo shina la mti liko ubavuni, upinde mpana hugonga kitambaa au gome unapogeuka, na ukifyatua huku kiungo kimeegemea chuma cha dungu, upinde unaweza kuharibika papo hapo na mshale ukaenda usikojulikana. Hata hivyo Ravin anakufunga: mishale na noki, vile vipande vya nyuma ya mshale vinavyopokea ugwe, ni za kwake, nazo ni ghali. Aliye na fedha za upinde lakini asiye na za mishale ya kufanyia mazoezi mwaka mzima atakuwa amenunua pambo.

Excalibur wa Kanada ana falsafa iliyo kinyume kabisa. Upinde wake hauna magurudumu wala nyaya kama hizo pinde mbili nyingine. Ni viungo viwili vilivyopinda na ugwe mmoja. Ugwe ukikatika porini, mwenyewe anaubadilisha kwa kamba maalumu ya kusaidia, ilhali pinde nyingi zenye magurudumu hudai kupelekwa kwa fundi mwenye mashine ya kuzibana. Ubaya wake ni uzito wa kuvuta, ambao katika aina kadhaa unapita pauni 250, upana wake ni mkubwa, na mlio wake huwa mkali kuliko wa wenzake. Ningemshauri anayeishi mbali na duka la pinde aufikirie kwa uzito. Anayeishi mjini hana haja.

Ohio inataka uzito wa kuvuta usiopungua pauni 75 na Pennsylvania pauni 125, kwa hiyo pinde zote tatu zinapita. Anayefikiria kuhamia Oregon ajue kwamba jimbo hilo haliruhusu kabisa kuwinda kwa upinde wa mtambo.

Sasa tuje kwenye mishale, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Nyuma ya kila mshale kuna noki, kile kipande cha plastiki kinachopokea ugwe. Noki zipo bapa, zipo za nusu mwezi, na zipo zinazoukumbatia ugwe, na kila mtengenezaji anataja katika kitabu chake ni ipi inayokubalika. Noki isiyo yake inaweza kuufanya ugwe upite juu au chini ya mshale, na matokeo ni sawa na kufyatua upinde mtupu, licha ya kuipoteza dhamana. Niliwahi kuuziwa pakiti yenye noki bapa kwa upinde unaotaka za kukumbatia, na kijana wa kaunta alishikilia kwamba mishale yote ni ileile. Nilimfungulia kitabu cha upinde kwenye ukurasa husika, akabadilisha bila neno. Nendeni na kitabu dukani.

Uzito wa mshale nao una hila yake. Kasi iliyoandikwa kwenye sanduku mara nyingi hupimwa kwa mshale mwepesi, wa greni 370 hivi. Ukitumia wa greni 420 au 450 pamoja na kigumba chake, yaani ncha yake ya kukatia, kasi hupungua kidogo, lakini mlio wa upinde unapoa na mshale hupenya zaidi. Mimi huchagua mzito kila mara. Kwenda chini ya uzito uliowekwa na mtengenezaji ni hatari, kwa sababu nguvu isiyobebwa na mshale hurudi kwenye viungo.

Vigumba vimegawanyika makundi mawili. Vya kudumu, kama vya Muzzy, vina makali yaliyofungwa imara yenye upana wa zaidi kidogo ya inchi 1. Vya kufunguka, kama vya Rage, husafiri vikiwa vimefumba na kufunguka hadi inchi 2 vinapogusa mwili, vikaacha damu nyingi inayorahisisha kufuatilia. Sheria ya Ohio inaridhika na robo tatu ya inchi na makali mawili. Vya kufunguka huruka karibu sawa na vichwa vya mazoezi, yaani ncha zisizo na makali, na kwa upinde wenye kasi hilo ni jambo zuri. Lakini vikigonga bega kwa mshazari hupoteza nguvu nyingi. Mimi nimekaa na vya kudumu, nikakubali kazi ya kurekebisha darubini upya kwa ajili yao. Anayenunua vya kufunguka achukue vilivyoandikwa kuwa ni vya upinde wa mtambo, kwa kuwa vya upinde wa kawaida huweza kufunguka hewani.

Kwa Waislamu, na wengi wetu ni Waislamu, suala la makali lina uzito mwingine. Fikihi inakubali mnyama aliyeuawa kwa mshale uliompasua kwa makali yake, bismillahi ikiwa imesomwa wakati wa kufyatua, na inamkataa aliyekufa kwa kishindo cha kitu butu. Akikutwa bado ana uhai, achinjwe. Kigumba kilichotumika mazoezini hadi kikawa butu hakifai kwa sheria hiyo, na hakifai kwa kulungu pia. Wekeni vitatu vipya kwenye podo na msiviguse hadi siku yenyewe.

Noki yenye taa, inayowaka mshale unapotoka, huonekana kama mchezo wa watoto hadi utakapofyatua magharibi na usijue mshale umepiga wapi. Taa hiyo hukuonyesha mahali ulipoingia, na hapo unajua kama utasubiri nusu saa au, ikiwa umepita tumboni, saa kadhaa kabla ya kumfuatilia. Katika vifaa vidogo vyote, hiki ndicho cha kwanza ningenunua. Cha pili ni kipima umbali cha leza, maana nukta za darubini zilizopangwa kwa yadi 20, 30, 40 na 50 hazina maana kwa mtu anayekisia. Darubini yenyewe inayokuja na upinde inatosha. Sijaona sababu ya kuibadilisha.

Kuhusu dungu, sina la kujadili: mkanda wa mwili mzima uvaliwe tangu mguu uko ardhini hadi urudi ardhini. Kuanguka ni miongoni mwa ajali kubwa za wawindaji wa kulungu Marekani, na madungu mengi mapya huuzwa pamoja na mkanda wake. Upinde upandishwe kwa kamba, bila mshale. Na dole gumba lisikae juu ya reli hata mara moja; ugwe huupitia mstari huo kwa kasi yote tuliyoizungumzia, na madaktari wa mikono wanayajua majeraha yake.

Shabaha ya mazoezi iwe imeandikwa kuwa inahimili upinde wa mtambo, na magunia ya shabaha yapigwe kwa vichwa vya mazoezi tu, kwa sababu kigumba halisi huyachana. Nta ya ugwe haizidi dola chache. Mafuta ya reli hutakiwa kwa pinde nyingi, ila si Ravin, ambaye mshale wake haugusi reli.

Pinde zilizotumika huuzwa kwa wingi kuanzia Februari, msimu unapofungwa, na bei hushuka vizuri. Pitisheni pamba taratibu kwenye viungo vyote. Ikinasa, kuna ufa, na bei yoyote itakuwa ghali. Ugwe wenye nyuzi zilizochanika utabadilishwa, kwa hiyo gharama ya fundi ikatwe kwenye bei palepale. Muuzaji akikataa upinde usivutwe na kufyatuliwa mbele yenu, au akiwa hana kitabu chake wala hajui ulikuwa ukitumia noki gani, mwacheni nao.